Sindano Ipi

Sindano ilivunjika fundi alipofika kwenye upindo wa suruali, pale kitambaa kizito kilipokutana na kingine kizito. Ilitoa mlio mdogo tu, na cherehani ikaendelea kukimbia bila kushona kitu. Fundi akaondoa miguu kwenye pedeli. Kipande cha juu kilikuwa bado kimebanwa mahali pake. Cha chini, chenye ncha, hakikuonekana.

Kwa kawaida sindano ikivunjika hakushona tena mpaka apate vipande vyote viwili. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye redio mbovu, akaifunga kamba, na akiiburuta sakafuni ilizoa pini na vyuma vidogo vyote. Siku hiyo aliiburuta chini ya meza, akaipitisha kwenye vipande vya vitambaa na pembeni mwa zulia. Alipofika katikati ya sebule, mteja wake akakohoa.

Mteja mwenyewe alikuwa mlinzi wa ghala. Alikuwa amekaa kwenye kochi na kaptura ya mazoezi, maana suruali iliyokuwa kwenye cherehani ndiyo sare yake pekee.

"Fundi, zamu yangu inaanza jioni hii. Nikichelewa, bosi hatanielewa."

"Kidogo tu. Natafuta ncha ya sindano."

"Si imeshavunjika? Ukiipata utaigundisha?"

Fundi akacheka. Mlinzi naye akacheka, lakini akawa anatazama saa ya ukutani. Fundi akaweka sumaku juu ya dirisha, akatia sindano mpya, akamaliza suruali. Mlinzi akaenda kuvaa chooni, akatoka amesimama wima kama mtu mwingine kabisa, akalipa na kuondoka. Nyuma yake akaingia mama mmoja na mapazia yake, na baada ya mapazia kukaja gauni la kupunguzwa kiuno. Jioni fundi alipofunika cherehani aliikumbuka ile ncha. Akajiambia lazima ilinasa kwenye makombo ya vitambaa, na makombo yalikwisha kwenda jalalani. Alitaka sana iwe hivyo, kwa hiyo hakuinama tena kutazama.

Nyumba ile aliyoshonea fundi ilikuwa na watu wanne, yeye akiwa mmoja wao. Mumewe alikuwa mwashi, na wakati huo alikuwa kwenye ujenzi wa mbali, akirudi mwisho wa wiki tu. Mama mkwe alikuwa mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kiasi kwamba alijua ndala imemvuka kwa kutazama chini tu. Wa nne alikuwa wifi, dada mdogo wa mwashi, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Yeye ndiye aliyefagia na kupika, na ndiye aliyemdunga mama yake sindano ya dawa asubuhi na jioni. Kliniki walitaka kumfundisha fundi kazi hiyo, akakataa. Mtu huyu aliyeshinda na sindano kutwa nzima alikuwa hawezi kuitazama ikiingia kwenye ngozi ya binadamu.

*

Harufu ndiyo iliyowashtua. Mwanzoni wifi alidhani ni panya amekufa nyuma ya kabati, akavuta kabati, akapiga deki. Asubuhi moja alipokuwa anamvalisha mama yake soksi, soksi ikagoma kuingia. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheusi kwa chini, na kinatoa maji.

"Mama, hiki kinakuuma?"

"Kipi?" mama akauliza.

Fundi alimpeleka hospitali mwenyewe, wifi akabaki kulinda nyumba na wateja. Walikaa kwenye benchi mpaka mchana. Muuguzi aliyefungua kitambaa walichofungia mguu alirudisha kichwa nyuma, kisha akamgeukia fundi mbele ya benchi zima.

"Mguu unaoza mpaka unafika hapa, nyinyi nyumbani mlikuwa wapi? Au mlikuwa mnasubiri ukatike wenyewe?"

"Hakusema kama anaumwa, dada."

"Mtu wa kisukari hasemi. Anatazamwa."

Watu benchini wakatazama pembeni, kama watu wanavyofanya wakiona mwenzao anasemwa. Mama mkwe akamshika fundi mkono. "Usimsute huyu," akamwambia muuguzi. "Huyu ni mkwe wangu, lakini ananilea kama aliyetoka tumboni mwangu."

Picha ya eksirei ilipotoka, daktari aliibandika kwenye kioo chenye taa akamwita fundi peke yake. Katikati ya mifupa ya kijivu palikuwa na kijistari cheupe, kifupi, kilichonyooka kuliko kitu chochote kingine kwenye picha ile.

"Unaona hii? Ni ncha ya sindano. Imeingia kitambo, nyama imeifunika." Daktari akasogea karibu na kioo. "Ya cherehani, kwa unene huu. Nyumbani kuna mtu anashona?"

"Ndiyo," fundi akasema.

"Nani?"

"Yupo mtu anashona."

Daktari hakufuatilia. Alikuwa na foleni. Akaeleza kuwa ncha itatolewa, lakini kidole hakiponi na cha jirani yake pia kimeharibika, vyote viwili lazima viondoke leo, na waombe uchafu usiwe umepanda juu. Akamsogezea karatasi ya ridhaa. Fundi akaweka sahihi. Maandishi yake yalitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Baada ya upasuaji muuguzi yule yule alitoka na kisahani cha chuma. "Wengine huwa wanaitaka," akasema. Ncha ilikuwa imelala juu ya pamba, imepata kutu kidogo.

"Itupeni," fundi akasema.

*

Alimpigia mumewe akiwa nje ya wodi. Kule upande wa pili mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inaunguruma, na mwashi alikuwa anapaza sauti.

"Wamemkata vidole viwili," fundi akasema. "Amezinduka. Anaongea."

"Vidole? Kwa nini? Alijikata na nini?"

"Wamekuta sindano mguuni."

"Wamekuta nini?"

"Sindano. Alikanyaga sindano."

Fundi akamsikia akitembea, mashine ikawa mbali. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini na kali.

"Nilijua. Nilimwambia yule msichana, hizo sindano za dawa usiziache ovyo. Mara ngapi nimezikuta juu ya meza? Mara ngapi?"

Fundi alifungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa tayari, jepesi tu: ya cherehani. Lakini akawaza hivi: nikimaliza kulisema, mimi ndiye niliyemkata mama yake vidole. Akawaza pia juu ya miaka aliyokaa kwenye nyumba ile bila kuzaa, na jinsi mume na mama mkwe walivyokuwa hawajawahi kumgusia hata kwa utani. Mtu anayevumiliwa kwa jambo moja huogopa kuongeza la pili.

"Upo?" mwashi akauliza.

"Nipo."

"Si nimesema kweli?"

"Sijui," fundi akasema. "Wamesema sindano."

Simu ikakatika. Fundi akabaki ameishika sikioni. Hakuwa amesema uongo hata mmoja, akajiambia, na kujiambia huko kukamchoma zaidi.

*

Mwashi alifika mwisho wa wiki akiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alipitia hospitali kwanza, na saa zote hizo fundi alikaa nyumbani roho mkononi, akijua mumewe akikutana na daktari mambo yamekwisha. Lakini daktari alikuwa mapumzikoni, na mwashi hakuwa mtu wa kuwauliza wauguzi. Alirudi na jibu lile lile alilokwenda nalo.

Akamwita dada yake sebuleni. Fundi alikuwa kwenye cherehani. Hakuinuka, maana kuinuka kungekuwa kusema kitu.

"Sindano za mama ukishamaliza unaziweka wapi?"

"Kwenye chupa ya maji, kaka. Nafunga kifuniko. Ikijaa naipeleka kliniki."

"Zote?"

"Zote."

"Ile iliyokuwa mguuni mwake ilitoka wapi? Ilidondoka kutoka mbinguni?"

Wifi akatazama sakafu, akatazama meza, kama mtu anayetafuta ufunguo. "Labda," akaanza. "Labda moja iliniponyoka. Sikumbuki, kaka."

"Hukumbuki. Mama anarudi hapa bila vidole na wewe hukumbuki."

Fundi alipindua kitambaa akapima upindo ambao alikwisha kuupima. Mwashi alikuwa anazunguka sebule. Hakuwa mtu mbaya. Dada yake alipofukuzwa na mume ni yeye aliyekwenda kumchukua, akabeba begi lake kichwani. Lakini hasira ilikuwa imeshapata pa kukaa.

"Mama akiruhusiwa, sitaki akukute humu. Tafuta pa kwenda. Simfukuzi mtu, nataka tu mama yangu apone kwa amani."

Wifi hakubisha wala hakulia mbele yake. Alikusanya nguo chumbani, fundi akamfuata, akafungua kabati lake mwenyewe na kutoa gauni la kitenge alilojishonea na ambalo hakuwa amelivaa hata mara moja.

"Chukua hili, wifi."

"La nini? Si lako?"

"Chukua tu."

Wifi akalikunja taratibu, akaliweka juu kabisa kwenye begi. Akamkumbatia fundi, na sasa machozi yakamtoka.

"Katika nyumba hii nzima, wewe peke yako hukunisema. Sitasahau, wifi."

Fundi akampigapiga mgongoni. Alipotoka pale alikwenda bafuni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka mumewe akagonga kuuliza kama anaumwa.

*

Mama mkwe alirudi kwa magongo. Kidonda kilikuwa kinatoa dalili nzuri, daktari alisema, ila kisafishwe kila siku na sukari isipande. Sasa hakukuwa na mwingine wa kumdunga. Fundi alipewa mafunzo kwa haraka pale wodini, akiwa amekaza macho kama anayetazama jua. Asubuhi ya kwanza nyumbani alibonyeza kabla sindano haijaingia, dawa ikamwagika kwenye shuka.

"Vuta pumzi," mama mkwe akamwambia, amekunja blauzi juu ya tumbo. "Hili ni tumbo tu. Limebeba watoto, halishindwi na kijisindano."

Alipomaliza, mama mkwe akanyoosha shingo kutazama mlangoni.

"Yule mtoto hajaja kuniona hata mara moja tangu nitoke. Kaka yake kamtisha nini?"

"Anasema ni uzembe wake, Mama."

"Uzembe? Yule anahesabu hata vijiko. Akikuta kipini cha nywele sakafuni anauliza nyumba nzima ni cha nani."

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anafunga bandeji. Alisema akiwa ametazama bandeji.

"Ilikuwa ya kwangu."

"Nini?"

"Sindano. Ilikuwa ya cherehani. Ilivunjika, nikaitafuta kidogo, mteja akaniharakisha, nikaacha. Daktari aliniambia pale pale. Mwanao alipouliza sikumwambia."

Fundi alitegemea tusi, hata kofi. Mkono wa mama mkwe ulishuka ukakaa juu ya kilemba cha fundi, ukabaki hapo, mzito.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie."

Fundi akainua uso.

"Nisikilize," mama mkwe akasema. "Yule ni ndugu yake. Watanuniana, watazungumza, siku moja atampigia simu wacheke. Damu hairudi nyuma. Wewe akikuondoa, umekwenda. Nitabaki na nani? Nani atanigeuza? Mimi nimeshakusamehe, vidole ni vyangu. Liache hapa hapa."

Ilikuwa huruma, na ndani yake mlikuwa na hofu ya mgonjwa, na fundi aliona vyote viwili. Alibusu mkono wa mama mkwe. Siku ile alishona kwa wepesi ambao hakuwa nao kwa majuma. Lakini wepesi wenyewe haukulala. Kesho yake aliufungua mlango wa chumba cha wifi achukue ufagio, akaona kitanda kimetandikwa vizuri, kimenyooshwa kila pembe, kama mgeni anavyotandika kitanda cha watu. Msamaha aliopewa ulikuwa wa vidole. Wa wifi haukuwa wa mama kuutoa.

*

Wifi alikuwa amepata kazi kwa dobi mmoja karibu na kituo cha mafuta, akipiga pasi. Fundi alimkuta nyuma ya rundo la mashuka, jasho linamchuruzika, amefunga kanga kiunoni. Alikuwa amepungua. Alipomwona fundi aliweka pasi pembeni kwa haraka.

"Mama?"

"Mama mzima. Kidonda kinafunga. Anakuulizia."

"Nitakujaje, wifi? Nitamtazama na macho gani?" Wifi akajifuta uso kwa upande wa mkono. "Afadhali umekuja, maana nilitaka kukuambia. Nimekumbuka."

"Umekumbuka nini?"

"Jinsi ilivyotokea. Mwanzo sikukumbuka, nikawa nabisha moyoni. Lakini nimekaa nikawaza, nikawaza. Ilikuwa asubuhi, simu ikaita. Nikaiweka sindano juu ya mkono wa kochi ili nipokee. Ikaanguka. Niliisikia kabisa ikigonga sakafu, wifi. Nikasema nitaiokota nikimaliza kuongea, nikasahau. Kila nikifunga macho naisikia."

Fundi akakalia kiti cha plastiki kilichokuwa na nguo za watu.

"Hukuiangusha," akasema.

"Niliiangusha. Nakwambia nimekumbuka."

"Haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya cherehani. Ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyeivunja. Daktari aliiona kwenye picha siku ile ile. Nilijua kabla hujafukuzwa. Nilijua ulipokuwa unakunja nguo."

Wifi alimtazama. Haikuwa hasira bado. Alikuwa anarudi nyuma akiipitia ile asubuhi, simu, mkono wa kochi, mlio wa sakafuni, akivua kimoja kimoja.

"Kwa hiyo sikuiangusha," akasema.

"Hukuiangusha."

"Mbona naisikia?"

Dobi alichungulia kutoka ndani, akaona nyuso zao, akarudi. Harufu ya kitambaa kuungua ikaanza kupanda, na wifi akanyakua pasi iliyokuwa imelalia ncha ya shuka, akakuna alama ya kahawia kwa ukucha. Hapo ndipo hasira ilipofika.

"Mpigie kaka. Sasa hivi. Mimi nisikie."

"Nitamwambia akirudi, nimkalishe—"

"Mimi sikukalishwa."

Fundi akapiga. Akaweka simu juu ya meza ya pasi, sauti wazi. Mwashi alipokea akihema. Alikuwa kwenye ngazi.

"Ile sindano ya mguuni kwa mama," fundi akasema, "ilikuwa ya cherehani yangu. Daktari aliniambia. Ulipouliza nilinyamaza. Dada yako yupo hapa anasikia."

Walisikia nyundo za watu wengine, mtu akiitisha mchanga. Kisha mwashi akasema, "Subiri nishuke." Walisubiri. Aliporudi sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa.

"Neno moja hilo lilikushinda?"

"Lilinishinda."

"Dada upo?"

"Nipo, kaka."

"Sikuuliza sindano ipi," mwashi akasema. "Ndani ya nyumba mna sindano za kila namna, na mimi sikuuliza." Akakata simu.

*

Mwashi alirudi kabla ya mwisho wa wiki. Hakumpiga fundi, wala hakumfukuza. Alilala kwenye kochi, akanywa chai aliyopewa, akajibu alichoulizwa na hakuongeza neno. Fundi angependelea kelele. Mama mkwe alijaribu kuwapatanisha, mwashi akamwambia kwa adabu, "Mama, wewe pona tu," na mama akaelewa kwamba mwanawe amejua naye alishiriki kuficha.

Wifi alikuja Jumapili. Alimdunga mama yake, akamkata kucha, wakacheka jambo lao wenyewe. Mwashi alimsubiri sebuleni, amesimama, kofia mkononi.

"Rudi nyumbani," akasema. "Chumba chako kipo."

"Nimepata chumba kule, kaka. Kidogo, lakini nalipa mwenyewe."

"Utalipaje pango na kwenu kupo?"

"Hapa nilikuwa nimehifadhiwa," wifi akasema. "Aliyehifadhiwa anaulizwa mara moja tu, akishindwa kujibu anatoka. Sitaki tena kukaa hivyo."

Mwashi aligeuza kofia mikononi. Alitaka kusema nimekosa, midomo ikacheza, lakini kilichotoka ni kwamba mvua inanyemelea na angempeleka kwa pikipiki. Wifi akakataa. Akachukua mkoba wake, akamwambia fundi amsindikize.

Walitembea mpaka barabarani bila kuzungumza. Wifi alikuwa amevaa lile gauni la kitenge, na fundi aliona linampwaya mabegani. Akajizuia kusema angelipunguza.

"Mwezi huu wote nilikuwa nakuombea," wifi akasema walipofika kwenye lami. "Nilikuwa nasema, Mungu, mlinde yule aliyenionea huruma. Hicho ndicho kinachoniuma, kuliko hata kaka."

"Najua."

"Hujui. Nami sijakusamehe, nisikudanganye."

"Sawa, wifi."

"Nitakuja Jumapili kwa ajili ya mama. Nikija usinitandikie kitambaa mezani, usinipikie cha mgeni. Nipe vyombo nioshe. Na usinipe nguo yoyote."

Akavuka barabara. Fundi alisimama mpaka alipopotea nyuma ya maduka, kisha akarudi. Nyumbani mumewe alikuwa ametoa kochi na meza nje, ameinua zulia, amepiga magoti kwenye sakafu tupu akipitisha kiganja chake polepole juu ya saruji. Hakugeuka. Fundi akavua ndala mlangoni, akapiga magoti upande wa pili wa sebule, akaanza kupapasa naye.